Mkono wa Kiongozi wa Bendi

Jioni ile shemeji yangu Caz alinituma nikamchukulie mkono.

Mkono wa mbao, maana ndiyo kazi yetu. Mimi na Caz Wojtanik, mume wa dada yangu Lorna, tunafufua vinanda vya zamani vinavyojipiga vyenyewe, vile vikubwa vya kwenye bembea za kuzunguka za farasi wa mbao, vyenye filimbi na ngoma ndani, na sanamu mbele. Mbao tunapata. Ngozi ya mivukuto tunapata. Kinachotutoa jasho siku zote ni vipuri vya asili. Kiwanda kilishafungwa kabla hujazaliwa, na wewe unahangaika kutafuta kijiti kimoja kilichochongwa na mtu ambaye hata kaburi lake halijulikani.

Kinanda cha safari ile kilikuwa mali ya bustani ya mji wetu, Corliss, kando ya Ziwa Erie. Kililala ghalani chini ya turubai tangu enzi za baba yangu. Katikati ya uso wake alisimama kiongozi wa bendi, mwanamume wa mbao mwenye masharubu na koti jekundu la vifungo vya dhahabu. Uso wake ulikuwa mzuri ajabu, macho yako yakirudi kwake hata kama unafanya jambo jingine. Lakini mkono wa kulia, ule wa kuongozea wimbo, haukuwepo. Na haukuvunjika. Mtu aliukata kwa msumeno, begani, kwa haraka, akauacha mti umechanika.

Caz aliwatangazia mafundi wenzetu kwamba tunautafuta. Mchana ule mwanamke mmoja akapiga simu. Anao.

"Nenda wewe, shemeji," Caz akaniambia. "Huyo mama amenitisha. Anaongea kama mtu aliyejificha kabatini."

"Kwa hiyo mimi ndiye nikaliwe?"

"Wewe mifupa mitupu. Atakutema."

Nikachukua pikapu nikaenda. Ilikuwa Novemba. Mashamba ya mizabibu yalikuwa yameshavunwa, na harufu ya zabibu zilizooza ardhini iliingia hadi ndani ya gari. Ziwa lilikuwa linatupa mvua yenye barafu. Nilipofika kwenye nyumba yake giza lilikuwa linaanza kushika, na hakuna taa hata moja iliyowaka.

Nilisimama kibarazani. Kabla sijabisha, nikasikia kugonga kutoka ndani.

KO... ko, ko.

KO... ko, ko.

Nikadhani anapigilia msumari. Nikabisha. Kule ndani kukanyamaza ghafla.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mzee, Bi Verena Stauch, mrefu, amejifunga shali. Taya lake lilikuwa limepinda upande mmoja, kama lililovunjika zamani likaungwa na mtu asiyejua. Nyumba ilinuka nywele zilizoungua.

"Umekuja na gari?" akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Uuweke nyuma. Usiuweke kiti cha kando yako."

Aliuleta umeviringishwa kwa shuka na kufungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Aliubeba mbali na mwili wake, kama mtu anavyombeba paka mkali. Nilipoupokea, karibu niudondoshe.

Ulikuwa na joto. Joto la mkate uliotoka kwenye tanuri sasa hivi.

"Kwa nini ulikatwa?" nikamuuliza.

"Mume wangu ndiye aliyeukata." Akalishika taya lake. "Alichelewa kuukata."

"Na kama ni mbaya, mama, kwa nini usiuchome?"

"Funua kiwiko uone."

Nikafunua. Rangi nyekundu ya kiwiko ilikuwa nyeusi, imeungua, lakini mti wenyewe ulikuwa mzima. Chini yake kulikuwa na glavu nyeupe iliyochongwa, vidole vimekumbatia kijiti kifupi.

"Unataka bega," Bi Verena akasema. "Ukikosa bega unagonga. Mimi nimechoka kusikia. Nenda, mwanangu. Nenda kabla sijaona haya nikakuzuia."

Mlango ukafungwa. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikapu, kitu kiligonga bati. Nilijiambia ni mashimo ya barabara. Lakini niliposimama kwenye taa nyekundu, injini ikiunguruma taratibu, gari halitikisiki...

KO... ko, ko.

Nilimweleza Caz kila neno. Akacheka hadi akakohoa. "Mama amekaa na mizabibu muda mrefu, shemeji. Mizabibu inazeesha akili."

Kesho yake asubuhi aliuweka mkono begani mwa sanamu. Nimeunga vipuri vingi maishani, na siku zote kuna kusugua, kuna kupunguza hapa na kujaza pale. Ule haukudai chochote. Mti uliochanika wa bega na mti uliochanika wa mkono vilikutana kama midomo inavyofumbana. Hata mstari haukuonekana.

Tukakijaribu kinanda. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye mota na mivukuto. Kule kelele zake zinaua masikio, kwa hiyo huwa navaa vifuniko vizito na sisikii muziki kabisa, nausikia kifuani tu. Wimbo ulipokwisha nikatoka. Caz alikuwa amesimama mbele ya meza ya kazi. Meza ilikuwa na damu. Vifundo vya vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechunika hadi weupe unaonekana.

"Caz! Umefanya nini?"

Aliutazama mkono wake muda mrefu. Kisha akamtazama kiongozi wa bendi.

"Nilikuwa nafuata mapigo tu," akasema polepole. Na akatabasamu. "Ni kizuri, eh? Kinakuchukua."

Jumamosi alasiri tulikifungua bustanini, ndani ya banda la bembea. Haikuwa sherehe ya watoto bado. Walikuja watu wa kujitolea, wazee wa mji, wale waliopaka farasi rangi majira yote ya joto. Dell Ruckert, msimamizi wa bembea, alikuwa amevaa tai kwa mara ya kwanza tangu harusi yake, na kila mtu alikuwa anamtania. Lorna alisimama kwenye meza ya donati, akigawa juisi ya matofaa ya moto kwa upawa.

"Kaka, usije ukafia huko nyuma kwenye mota," akaniambia akinipa kikombe. "Toka usikie hata wimbo mmoja."

"Nitatoka wa pili."

Nikaingia nyuma, nikavaa vifuniko, nikawasha. Kifua changu kikapokea wimbo wa mapigo matatu, ule wa kuzunguka na mpenzi. Niliona mgongo wa kiongozi wa bendi kupitia ufa wa mbao. Mkono ukapanda. Ukashuka.

Baada ya muda nilihisi kitu kingine. Sakafu. Sakafu ilikuwa inatetemeka kwa mapigo yaleyale, kama watu wote wanacheza. Nikafurahi. Nikachungulia.

Walikuwa wanapigana.

Hapana, si kupigana. Mtu anayepigana anajikinga. Hawa hawakujikinga. Walisimama wawili wawili, uso kwa uso, wanapigana ngumi kwa zamu. Pigo moja kubwa, mawili madogo. Mzee aliyepaka farasi rangi alikuwa ameng'oa mguu wa kiti, anampiga mke wake begani, naye anampiga kwa birika. Hakuna mdomo uliofunguka kupiga kelele. Hakuna aliyekimbia. Nyuso zilikuwa zimetulia kama za watu kanisani, lakini machozi yalikuwa yanatiririka kwa wote.

Wote walikuwa wanalia... na hakuna aliyeweza kuacha.

Dell alikuwa chini. Tai yake ilikuwa imelowa. Wanawake wawili waliompigia makofi muda mfupi uliopita walikuwa wamepiga magoti juu yake, kila mmoja na fimbo ya shaba, ile inayoshikilia farasi wa bembea. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Kichwa cha Dell hakikuwa na umbo tena, nao bado walikuwa wanapiga.

Nikazima mota.

Mkono ukaendelea.

Mkanda wa mota ulisimama. Mivukuto ilipaswa kulala. Haikulala. Ilipanda na kushuka yenyewe, inahema, na kila ilipohema ilitoa ile harufu ya nywele zilizoungua. Nikakumbuka msumeno. Nikautoa kwenye sanduku, nikatoka mbele.

Hapo ndipo nilipomwona Lorna. Alikuwa ameanguka kando ya meza, na Caz alikuwa juu yake na nyundo yetu ya mbao, ile ya kupigia vigingi. Alikuwa anampiga begani. Palepale, begani. Nilimwita. Hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Nilitaka kumrukia. Mungu anajua. Lakini ningemwondoa Caz, na watu wote wale? Nikapanda juu ya jukwaa la kinanda, nikaushika ule mkono na kuanza kukata. Meno ya msumeno yaliposhika mti, mapigo yakaniingia mifupani. Vifuniko havikunisaidia tena. Mkono wangu wa msumeno ukaanza kwenda KO, ko, ko. Mtu alinipiga mgongoni kwa kitu kizito, mara moja, kisha mara mbili. Nikaendelea. Nilihisi hamu... hamu tamu kabisa, ya kugeuka nimpasue uso kwa msumeno. Niliuma ulimi hadi damu ikajaa mdomoni, nikakata, nikakata.

Mkono ukaanguka.

Kinanda kikatoa pumzi ndefu, kama ng'ombe anayekufa. Kikanyamaza.

Ndipo mayowe yalipoanza.

Watu watatu walikufa siku ile, Dell akiwa mmoja wao. Wakubwa waliokuja kuchunguza walisema ni moshi wa hita ya banda, sumu isiyonuka, inachanganya akili. Hakuna aliyeshtakiwa. Utamshtaki nani? Kila mtu alimpiga mwenzake. Watu walikutana dukani wakainamisha macho. Wapo mume na mke waliohama, kila mmoja upande wake.

Lorna alikatwa mkono wa kulia hospitalini. Bega lilikuwa limesagika, madaktari hawakuwa na cha kuunga. Dada yangu alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu tangu akiwa msichana. Caz alikaa nje ya chumba chake siku nyingi, amekunja kofia mikononi, analia kila mtu akimpita. Watu walimwonea huruma. Mimi nilimwonea huruma.

Na ule mkono wa mbao haukuonekana. Niliutafuta chini ya jukwaa, chini ya farasi, kwenye takataka. Hakuna.

Nikarudi kwa Bi Verena. Safari hii alinikaribisha ndani, akanipa kahawa. Alikuwa amesikia. Hakuthubutu kunitazama.

"Babu wa mume wangu alikuwa kiongozi wa bendi kwenye onyesho la kusafiri," akasema. "Mtu kweli, si sanamu. Hema moja liliungua, mtoto akafia ndani, wenzake wakasema ni yeye aliyelichoma. Wakamfunga kwenye nguzo. Wakampiga kwa vigingi vya hema. Na ili mji usisikie akilia, waliwasha kinanda."

Akalishika taya lake tena.

"Walimpiga kwa mapigo ya wimbo, mwanangu. Hawakupanga. Ndivyo mikono ilivyokwenda."

"Na mkono?"

"Mkewe Agathe hakulia mbele yao. Aliwaomba kigingi kimoja tu. Alikuwa ametoka milimani huko kwao, anajua mambo. Alijifungia nacho, na alichokifanya humo hakuna aliyekiona. Alipotoka kilikuwa mkono. Akawapa zawadi, wauweke kwenye sanamu ya kinanda kile, kumbukumbu ya mumewe. Wakaona mjane amesamehe."

"Kisha?"

"Onyesho lile halikumaliza msimu. Na hata baada ya wao kwisha, mkono haukujua kuacha."

"Kwa hiyo ni yeye? Huyo babu ndiye anayelipiza?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa nalala."

Nikamwambia mkono umepotea. Kikombe chake kikagonga sahani.

"Ule haupotei," akanong'ona. "Unabebwa."

Theluji ilikuwa imeshafunika mji Lorna aliponipigia simu. Alikuwa ametoka hospitali, anakaa peke yake nyumbani. Caz alikuwa analala karakanani kwetu.

"Njoo jioni, kaka. Nimempikia Caz supu ya kabichi. Nimemwita."

Moyo wangu ukafurahi. Nilifika mapema. Lorna alikuwa jikoni, amevaa sweta kubwa la baba yetu, mkono wa kulia wa sweta umeingizwa mfukoni. Alikuwa amekonda, lakini mashavu yake yalikuwa na rangi.

"Kwa hiyo umemsamehe," nikasema.

Alikoroga supu kwa mkono wa kushoto.

"Nikuulize kitu. Wewe siku ile uliziba masikio, hukusikia wimbo. Mimi niliusikia wote. Najua mapigo, kaka, ndiyo kazi yangu. Dell akipigwa, alipigwa kwa mapigo. Mimi mwenyewe nilimpiga mama Prewitt, aliyesimama kando yangu, kwa upawa, kwa mapigo, nalia. Watu wote banda zima walikwenda pamoja." Akaweka mwiko chini. "Isipokuwa Caz."

"Unasemaje?"

"Hakufuata. Alikuwa anawahi, anachelewa, anapiga anavyotaka. Na alipoinama nikaona pamba masikioni mwake. Hakuwa analia, kaka. Alikuwa ananitazama."

Nilikaa chini. Nikaona tena ile meza ya kazi yenye damu, na Caz akitabasamu.

"Nilimwambia wiki ile kwamba naondoka, namwacha," Lorna akasema. "Wewe hukujua. Hakuna aliyejua."

"Labda pamba ni kwa ajili ya kelele. Labda mshtuko... Twende polisi."

"Nikawaambie nini? Kwamba mume wangu alikosea mapigo?"

Taa za gari zikapita dirishani. Caz akaingia, kofia mkononi, theluji mabegani. "Lorna," akasema, sauti inakatika. "Shemeji."

"Kaa, Caz, ule," Lorna akasema kwa upole. "Kaka, niletee kuni bandani. Jiko linazima."

Nikatoka. Nilitaka hewa. Nilisimama kwenye banda la kuni, magogo mikononi, nikijaribu kuamua ni nani kati yao nimwamini. Hapo nikasikia.

KO... ko, ko.

Nikaangusha kuni. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kupitia kioo niliona bakuli la supu limejaa, halijaguswa, na mlango wa chumba cha chini ya nyumba uko wazi. Nikavunja kioo kwa kiwiko, nikaingia, nikashuka ngazi mbio. Katikati ya ngazi ngumi yangu iliniponyoka, ikapiga ukuta. Ikapiga tena, mara mbili. Nikaikumbatia kwa mkono mwingine na kushuka nimejibana.

Caz alikuwa amepiga magoti kwenye saruji. Alikuwa anapiga sakafu kwa mkono wake wa kulia, pigo moja kubwa, mawili madogo. Hakikuwa kiganja tena. Kilikuwa nyama nyekundu, na vipande vyeupe vilivyotapakaa. Uso wake ulikuwa umetulia. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni.

Lorna alisimama mbele yake. Kutoka kwenye mkono wa sweta la baba ulitokeza mkono mwekundu wenye nakshi za dhahabu, glavu nyeupe, na kijiti. Ulipanda. Ukashuka.

"Moja, mbili, tatu," alikuwa anahesabu, kwa sauti ileile aliyowafundishia watoto wa kwaya. "Usiwahi, Caz. Moja, mbili, tatu."

"Lorna!"

Akageuka. Mkono ukasimama hewani, na Caz akaanguka kifudifudi kama gunia. Ngumi yangu ikalegea.

"Nilikuwa namfundisha tu," akasema. "Sasa anafuata."

Nilimfunga Caz kiwiko kwa mkanda wangu, damu ipungue. Alikuwa anapumua. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikarudi kwa dada yangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, rangi yote imemtoka mashavuni. Alionekana kama Lorna wa utotoni aliyeota ndoto mbaya.

"Nisaidie kuuvua," akanong'ona. "Kaka, tafadhali. Kabla hawajafika. Niliuficha siku ile chini ya blanketi la machela, nikadhani nitauvua nikitaka."

Nikaingiza mkono wangu ndani ya sweta, nitafute kamba alizojifungia. Nilipapasa begani. Nilipapasa kwapani, mgongoni. Kulikuwa na ngozi yake, yenye jasho na joto. Kisha kulikuwa na joto tu. Kisha kulikuwa na mti.

Hapakuwa na kamba.